Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone



Mwezi huu naomba tuzungumze habari ya mipango mikubwa ya maendeleo, ile inayopewa majina ya dira, mikakati na shoroba za uchumi. Najua wapo watakaosema kuwa hayo ni mambo ya mawaziri na wataalamu, wala hayawahusu watu wa kufanya kazi na kutuma fedha nyumbani. Lakini swali lililonifanya nishike kalamu halikutoka kwa waziri. Lilitoka kwa mama mmoja wa hapa Deira, mzaliwa wa Lamu, ambaye nduguye alimpigia simu kumwarifu kuwa amepata mnunuzi wa shamba la marehemu baba yao, upande wa bara, si mbali na bandari mpya. Bei ni nzuri, aliambiwa, na mnunuzi ana haraka. Mama yule akaniuliza: "Mwalimu, huo mpango ukishakamilika, sisi tutakuwa wapi ndani yake?"

Sikuwa na jibu la papo kwa papo. Nilimwomba anipe muda, nami nikaanza kutafuta jibu karibu na hapa tulipo.

Atembeaye katika mtaa wa kale wa Al Fahidi, akiinua macho ndani ya nyumba zile, ataona boriti za mikoko. Boriti za namna hiyo zililetwa kwa majahazi kutoka Lamu na delta ya Rufiji, na upana wa vyumba vya zamani vya Ghuba ulifuata urefu wa boriti zetu. Basi pwani hizi mbili zilijengana zamani, kabla hapajakuwa na neno "mwekezaji".

Katika miaka ya 1950 Khori ya Dubai ilikuwa ikijaa mchanga, na vyombo vikubwa vikapata taabu kuingia. Sheikh Rashid bin Saeed Al Maktoum, aliyeshika utawala mwaka 1958, alikopa fedha Kuwait, akawashirikisha wafanyabiashara wa mji katika kuchangia gharama, na khori ikaanza kuchimbwa mwaka 1959. Tuutazame mwaka huo vizuri, kwa kuwa mafuta ya Dubai yaligunduliwa mwaka 1966. Mpango ule haukuzaliwa na utajiri wa mafuta. Ulizaliwa na haja ya watu waliokuwapo tayari ukingoni mwa maji. Baadaye ikajengwa Bandari ya Rashid, iliyofunguliwa 1972, kisha Jebel Ali mwaka 1979, na eneo lake huru la biashara mwaka 1985. Lakini mwenye jahazi hakuambiwa kuwa zama zake zimekwisha. Hata leo majahazi hupakia shehena hapa Deira.

Sisemi haya ili kuisifia Dubai kupita kiasi. Ajenda ya uchumi iliyotangazwa Januari 2023, iitwayo D33, inakusudia kuukuza uchumi wa mji huu mara mbili katika miaka 10. Sisi tumo katika hesabu hiyo kwa nguvu ya mikono yetu. Ukaazi wa wengi wetu hufuata kazi, na kazi ikikoma, tunaondoka na kiinua mgongo pamoja na akiba, ikiwa tuliweka. Ndiyo maana shamba la nyumbani kwetu si mali ya ziada. Ndiko tutakakorudi uzeeni.

Sasa twende Lamu. Kenya ilizindua Dira ya 2030 mwaka 2008. Miongoni mwa miradi yake mikubwa ni ushoroba wa LAPSSET, wa kuiunganisha bandari ya Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia. Tarehe 2 Machi 2012, Rais Mwai Kibaki, pamoja na Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia, waliuzindua ujenzi huo. Bandari ilipangiwa magati 32. Gati la kwanza lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021.

Katika ramani ya mpango huo mlikuwa na reli, barabara, bomba la mafuta na viwanja vya ndege. Mvuvi wa dau na mshipi, ambaye babu yake alivua katika ghuba ya Manda, hakuwamo. Mkondo ulipochimbwa, maji yalichafuka, mikoko ikakatwa, na sehemu za kuvulia zikapotea. Na chombo chake kidogo hakiwezi kwenda bahari kuu kutafuta nyingine.

Wavuvi hawakunyamaza. Mwaka 2012 wenyeji walifungua shauri, na tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu iliyoketi Malindi ikatoa hukumu kwamba haki zao zilikiukwa: haki ya mazingira safi, ya utamaduni, ya kupewa habari na ya kushirikishwa. Wavuvi wapatao 4,600 wakaamuliwa kulipwa fidia ya shilingi bilioni 1.76 za Kenya. Ulikuwa ushindi mkubwa, ingawa safari ya kutoka hukumu hadi malipo nayo ikawa ndefu. Lakini hebu tujiulize: ingegharimu nini kumwita mvuvi mezani mwaka 2011, kabla ya jiwe la msingi, badala ya kumlipa kwa amri ya mahakama baada ya samaki kuondoka?

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Watu husema kuwa ukuaji wa uchumi uwe jumuishi, nao hudhani maana yake ni kugawana matunda baada ya mavuno. Kwa maoni yangu, ujumuishi huanza mapema zaidi, kwenye daftari. Mpango humwona yule tu ambaye jina lake limeandikwa mahali. Asiyeandikwa, hata awe na haki ya miaka 300, mchora ramani huiona ardhi yake kuwa tupu.

Wenye pesa wanalijua jambo hili kuliko sisi. Mwishoni mwa Julai 2014 Rais Uhuru Kenyatta aliamuru kufutwa kwa hati za ardhi ya Lamu zilizogawiwa kampuni 22, jumla ya ekari zipatazo 500,000. Yaani wakati familia nyingi za huko zikiishi bila hati, kampuni zilikuwa zimekwisha kujipatia zao.

Tena, mipango hubadilika. Wengi walinunua na kuuza viwanja wakitarajia mafuta ya Uganda yatapitia Lamu. Mwaka 2016 Uganda ikaamua bomba lake lielekee Tanga. Anayeuza kwa haraka huenda akapunjwa, na anayenunua kwa tamaa huenda akakwama.

Nini basi la kufanya kwa sisi tulio mbali? La kwanza, kabla ya kutuma fedha za bati na saruji, tutume za hati. Tuwaulize jamaa zetu: shamba limesajiliwa? Kwa jina la nani? Mirathi imegawanywa, na fungu la dada zetu limeandikwa? Kwa ndugu zetu wa Tanzania bara, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inatoa hatimiliki ya kimila, nayo inafaa kutafutwa kabla mgeni hajabisha hodi.

La pili, tuwahimize wahudhurie mabaraza. Kila kaunti ya Kenya hutunga mpango wake jumuishi wa maendeleo kwa miaka 5. Wa sasa ni wa 2023 hadi 2027, na sheria inataka wananchi washirikishwe. Kaunti 6 za pwani zimeungana katika Jumuiya ya Kaunti za Pwani ili zipange uchumi wao kwa pamoja. Tanzania nayo ilizindua Dira ya 2050 mnamo Julai 2025, na bandari ya Dar es Salaam tangu mikataba ya Oktoba 2023 imeikaribisha kampuni kutoka mji huu huu tunaoishi, DP World. Siwachukii wageni, mimi mwenyewe ni mgeni hapa. Lakini wahenga waliposema mgeni njoo mwenyeji apone, hawakusema mwenyeji ahame.

Nilimrudishia mama yule jibu langu: asiuze kwa haraka ya mtu mwingine, amtume kwanza nduguye ofisi ya ardhi. Nduguye alikwenda. Shamba halikuwa na hati kwa jina la baba yao wala la mtu yeyote wa ukoo. Mnunuzi mwenye haraka, yaelekea, alilijua hilo.

Hivi sasa wameanza kukusanya mashahidi, wazee waliowakuta wazazi wao wakilima pale. Mzee mmoja ana umri wa miaka 80 na zaidi, na mama anaomba Mungu ampe uhai hadi siku ya kutia sahihi. Nawasihi, wasomaji wangu, msingoje wazee wenu wafikie umri huo.

Tukutane mwezi ujao, inshallah.