Ozempic si kipodozi, wasee

Kila selebu akipunguza kilo, komenti zinajaa neno moja: Ozempic. Nusu wanacheka ati huo ni uvivu, nusu wanauliza inauzwa wapi. Kwangu wote wanaichukulia kama losheni, na hii ni dawa ya homoni.

Iko hivi. Ukila, utumbo wako unatoa homoni inaitwa GLP-1. Inaambia kongosho litoe insulini sukari ikipanda, inachelewesha chakula kutoka tumboni, halafu inaambia ubongo umeshiba. Ile ya mwili inaisha kwa dakika chache tu. Semaglutidi, dawa iliyo ndani ya Ozempic, inaigiza hiyo homoni lakini baada ya wiki nzima karibu nusu yake bado iko ndani yako. Ndio maana unadungwa mara moja kwa wiki.

Marekani waliikubali 2017 kwa kisukari aina ya pili. Wegovy, dawa ile ile kwa dozi ya juu, ikafuata 2021 kwa unene. Kwa utafiti wake, watu walipoteza kama asilimia 15 ya uzito kwa wiki 68. Wakiacha, sehemu kubwa inarudi. Sasa niambie, kama uzito unarudi dawa ikiisha, si hiyo inaonyesha ni mwili unavuta, sio tabia mbaya? Hakuna mtu huambia mgonjwa wa presha aache tembe ajikaze.

Lakini hii ya "bei iko inboksi" ndio inaniogopesha. 2023 huko Austria watu walilazwa hospitali baada ya kudunga Ozempic feki. Walishuka sukari vibaya, na wakuu wa afya wakashuku ndani kulikuwa na insulini. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likatoa onyo kuhusu semaglutidi bandia.

Na hata ikiwa orijino, daktari huanza na miligramu 0.25 na kupandisha polepole, juu kichefuchefu, kutapika na kufunga choo si mchezo. Nani alikupimia yako? Mwenye ukurasa wa wigi?

Kitu kingine, kalamu mpya ya Ozempic inakaa kwa friji, nyuzi 2 hadi 8. Hiyo yako ililetwa na boda saa saba mchana, ndani ya bahasha ya kaki.