Choo king'ae, lakini si kwa mapafu ya dada

Wadau, leo tuongelee choo. Najua kuna watakaokunja pua, ila vumilieni kidogo, mada hii inatuhusu wote.

Hapa Dar nikienda kutembelea jamaa, mara nyingi nakuta hali ile ile. Sebule safi, makochi ya maana, luninga imejaa ukuta. Omba sasa kwenda msalani. Mwenyeji anaanza kujitetea kabla hujafika mlangoni: "Samahani, unajua tena maji yetu ya kisima..." Ukiingia unakuta bomba limeota ndevu nyeupe, kichwa cha bomba la mvua kimeziba nusu, na ndani ya sinki la choo kuna ukoko wa kijivu na mistari ya njano isiyosikia brashi.

Siku ikisikika kwamba wakwe wanakuja, anaitwa dada wa kazi. Anakabidhiwa chupa ya asidi, chupa ya jiki na stilwaya, anaambiwa: "Leo hakikisha panang'aa." Mlango unafungwa ili harufu isije sebuleni. Yeye yumo ndani.

Hoja yangu ni kwamba huo mtindo tuukomeshe. Kwanza haufanyi kazi vizuri, pili unaweza kuua mtu. Na njia salama ipo, tena vifaa vyake vinauzwa kwenye duka la mtaani.

Tuanze na huo ukoko. Wengi tunauita chumvi, lakini si chumvi ya mezani. Chumvi ya mezani ukiimwagia maji inayeyuka inaondoka. Huu ni kalisiamu kaboneti, yaani kitu kile kile kinachojenga matumbawe ya baharini, kile kile kilichomo kwenye mawe yaliyojengea Mji Mkongwe kule Unguja. Maji ya ardhini yakipita kwenye mawe ya chokaa yanabeba madini hayo. Yakichemshwa au yakikauka, maji yanakwenda zake na jiwe linabaki. Angalia ndani ya birika lako la umeme, utaliona. Kwa hiyo kwenye bafu lililoachwa mwaka mzima na bomba linalovuja, unapambana na jiwe, na juu yake sabuni, mafuta ya mwili na vumbi vimeshikamana.

Ndiyo maana mimi sikubaliani na wanaosema choo cha namna hiyo ni alama ya uvivu. Unaweza kusugua kila siku kwa sabuni ya unga na ukoko ukaendelea kukua. Sabuni haiyeyushi jiwe. Tena sabuni ya mche ikikutana na madini hayo inatengeneza utando mweupe unaong'ang'ania ukutani. Na mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua na mgao wa maji ukaanza, hata waliozoea maji ya DAWASA walijikuta wanaita maboza na kuvuta kwenye visima.

Jiki nayo haiyeyushi jiwe. Inachofanya ni kulipausha. Leo ukoko unaonekana mweupe unafurahi, wiki ijayo rangi imerudi kwa sababu jiwe lenyewe halijaondoka, na uchafu mpya umepata pa kushika. Jiki ina kazi yake, kuua vijidudu na ukungu mweusi. Kwa ukoko, hapana.

Asidi kali inayeyusha kweli, siwezi kubisha. Lakini inakula pia saruji iliyo kati ya tailizi, inachubua bomba, inaunguza ngozi na macho, na mvuke wake unachoma koo. Mimi nimeiona ikiuzwa kwenye chupa iliyokuwa ya maji ya kunywa, bila lebo wala onyo. Mtoto mwenye kiu atajuaje?

Balaa lenyewe ni pale mtu anapochanganya. "Hii kali, na hii kali, zikiwa pamoja si ndiyo zaidi?" La hasha! Jiki ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini. Hii ndiyo gesi ambayo jeshi la Ujerumani lilifungulia maadui zake kule Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Unaitengeneza mwenyewe kwenye chumba chenye kidirisha cha ukubwa wa daftari. Na gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatanda chini. Anayesugua choo yuko wapi? Amechuchumaa, pua yake iko huko huko chini. Hata jiki juu ya mkojo uliolala ni tatizo, maana mkojo wa zamani una amonia, nayo ikikutana na jiki inatoa gesi nyingine inayochoma mapafu.

Haya, tufanyeje? Nitawaeleza ninavyofanya mimi, maana bafu la nyumba ninayopanga nililikuta katika hali ambayo fundi alinishauri ning'oe kila kitu.

Kwanza pima. Kamulia ukoko tone la ndimu au siki. Ukitoa vipovu, ni chokaa, na asidi nyepesi itautosha. Doa la rangi ya kutu halitatoa vipovu, hilo ni chuma na linataka dawa yake. Weusi kwenye pembe ni ukungu.

Pili, andaa siki nyeupe ya kawaida au unga wa ndimu, ule wa chembechembe nyeupe kama sukari. Vijiko vikubwa vitatu vya unga kwenye lita moja ya maji ya uvuguvugu vinatosha. Vaa glavu za mpira, fungua mlango na dirisha.

Tatu, toa utando wa mafuta kwanza kwa sabuni ya maji ya moto, suuza. Ukiruka hatua hii siki haifiki kwenye jiwe.

Nne, na hapa ndipo wengi wanakosa subira, acha dawa ikae. Bomba lizungushie kitambaa kilicholoa siki. Kichwa cha bomba la mvua kifungue ukilaze ndani ya bakuli. Kwenye sinki la choo sukuma maji yaondoke kwa brashi, kisha bandika karatasi za chooni zilizoloweshwa siki juu ya ile mistari, ulale. Asubuhi kwangua taratibu kwa kipande cha plastiki, hata kadi ya benki iliyokwisha muda wake. Stilwaya iache jikoni, inachora sinki, na kwenye michoro ndiko uchafu mpya unakojishika. Ukoko mnene hautoki mara moja. Langu lilichukua usiku tatu. Sikung'oa kitu.

Angalizo: nyumba za zamani zenye sakafu ya terazo, au mwenye marumaru halisi ya jiwe, msimwage siki wala ndimu hapo. Mawe hayo nayo yana chokaa, yatapoteza mng'ao.

Ukungu uufuate siku nyingine kwa jiki, baada ya kusuuza siki yote kwa maji mengi. Siku ya siki iwe ya siki, siku ya jiki iwe ya jiki. Mtu akihisi harufu kali, atoke nje mara moja kwenye hewa safi, na akiendelea kukohoa au kubanwa kifua apelekwe hospitali, si kupewa maziwa.

Najua nitajibiwa: "Sisi tumetumia asidi miaka yote, mbona hajafa mtu?" Swali langu ni dogo tu. Ni nani katika familia yako amekuwa akiitumia? Mara nyingi si baba mwenye nyumba, si mama, si wewe msomi uliyekuja likizo. Ni binti aliyetoka kijijini, ambaye hata maandishi ya Kiingereza kwenye chupa hayamsaidii, na ambaye akikohoa wiki nzima tunamwambia ana mafua.

Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 2011 Mkataba namba 189 wa wafanyakazi wa majumbani, na kifungu cha 13 kinasema kila mfanyakazi wa ndani ana haki ya mazingira salama ya kazi. Lakini kwa kweli hatuhitaji Geneva itufundishe kununua glavu. Bei yake haifiki ya soda chache za hao wakwe.

Na wenye nyumba nanyi mnahusika. Bomba linalovuja ndilo linalojenga ukoko usiku na mchana. Mpangaji akikuambia washa limekwisha, usimjibu "vumilia". Badilisha.

Basi wikiendi hii, kabla hujamwita dada, ingia bafuni mwenyewe na siki yako. Na ile chupa isiyo na lebo iliyoko nyuma ya choo, anza kwa kuitoa mahali ambapo mtoto anaifikia.

Naomba kutoa hoja.