Mwenye Soko Yuko Mbali

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 jengo kuu la soko la Kariakoo liliungua moto. Mali nyingi iliteketea, na wenye vizimba wakabaki nje wakitazama moshi wa jasho lao. Haukupita muda Waziri Mkuu akaunda kamati ya kuchunguza chanzo cha moto ule, akaipa siku saba. Lilikuwapo pia Shirika la Masoko ya Kariakoo, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1974, lenye ofisi, meneja na mlango wa kubisha. Msiba ulikuwa mkubwa, lakini ulikuwa na mtu wa kuulizwa.

Kabla miezi mitatu haijatimia, magharibi ya tarehe 4 Oktoba, soko la pili la watu hao hao lilifungwa. Instagram, WhatsApp na Facebook zilizimika kwa muda wa saa sita hivi, dunia nzima. Mfanyabiashara wa Mtaa wa Kongo aliyekuwa akisubiri jibu la mteja wa Songea hakuliona. Aliyeahidiwa fedha usiku ule hakujua kama ahadi ingali hai. Baadaye kampuni ilieleza kwamba amri mbovu ilitolewa katika mitambo yake wakati wa matengenezo. Maelezo yalitosha kwa mafundi. Kwa mwenye duka hapakuwa na kamati, wala meneja, wala mlango.

Na hata hivyo wapo wasomi wanaofundisha kwamba simu imemkomboa mchuuzi wa Kariakoo. Hoja yao ni hii: zamani alikuwa mtumwa wa mwenye jengo, akitozwa kilemba kabla ya kuingia katika fremu na kodi ya miezi mingi kwa mkupuo, akawa mtumwa wa winga, anayemkamata mteja njiani na kudai chake juu ya bei. Leo anapiga picha ya gauni, anaiweka katika ukurasa wake, mtu wa Kigoma anaiona, analipa kwa simu, na mzigo unapakiwa katika basi alfajiri. Hoja hii ina sehemu ya ukweli, na sehemu hiyo isifichwe. Wako wanawake vijana walioanza biashara chumbani, bila fremu na bila mtaji wa kilemba, ambao soko la zamani lisingewafungulia hata dirisha.

Lakini kubadili mwenye nyumba si kupata nyumba. Yule wa zamani alikuwa mkali, lakini alikuwa mmoja kati ya wengi. Mpangaji aliyeudhiwa Mtaa wa Aggrey aliweza kuhamia Mtaa wa Nyamwezi, na wateja wake wakamfuata kwa miguu yao wenyewe, kwa maana walimjua kwa jina na kwa uso. Mpangaji wa sasa akihama huacha wateja nyuma, maana orodha yao si yake. Yeye husema "ukurasa wangu" na "wafuasi wangu". Kivumishi hiki cha umiliki kinatumika hapa pasipo umiliki wowote.

Neno lililofanya kazi kubwa katika jambo hili ni *bure*. Lugha yetu ilikuwa na hekima ilipolipa neno hilo maana mbili: kitu kisicholipiwa, na kazi isiyo na faida. Wafanyabiashara walialikwa kwa maana ya kwanza. Mwaka 2014 kampuni ya simu ya Tigo iliungana na Facebook kuwapa Watanzania mlango wa kuingia katika intaneti pasipo kununua bando, na kwa Kiswahili. Ni neema gani hiyo? Ni neema ya mwenye soko anayewaruhusu watu kupanga bidhaa chini bila ushuru mpaka uwanja ujae. Ukishajaa, ushuru huja. Mwaka 2016 Instagram iliacha kuzipanga picha kwa kufuata wakati wa kutumwa, ikaanza kuzipanga kwa hesabu zake yenyewe, zisizojulikana kwa mpangaji. Tangu hapo mchuuzi aliyekusanya wafuasi elfu kumi kwa miaka hana uhakika kwamba elfu moja wataiona picha yake ya leo, isipokuwa alipie tangazo. Kilemba kimerudi. Kimebadili jina, na sasa hakilipwi mara moja mlangoni bali hulipwa kila siku, kwa dola, kwa mtu asiyeweza kusihiwa.

Ukubwa huu haukuja kwa bahati, wala kwa ubora wa bidhaa peke yake. Katika barua ya mwaka 2008, iliyofichuliwa baadaye katika mashauri ya Marekani, Mark Zuckerberg aliandika maneno yenye maana kwamba kununua ni bora kuliko kushindana. Akatenda alivyoandika. Mwaka 2012 aliinunua Instagram kwa dola milioni 1,000; mwaka 2014 alitangaza kuinunua WhatsApp kwa dola milioni 19,000. Basi muuza viatu wa Kariakoo anapokasirishwa na Instagram na kuwaambia wateja wake wamfuate WhatsApp, ametoka chumba cha mbele akaingia chumba cha uani. Nyumba ni ile ile.

Watetezi wa makampuni watajibu kwamba shauri hili limekwisha kuamuliwa. Ni kweli kwamba Novemba 2025 hakimu James Boasberg wa Washington aliyakataa madai ya serikali ya Marekani juu ya ununuzi huo, akiona kwamba TikTok na YouTube zinashindana na Meta vya kutosha. Lakini msomaji atazame swali lililokuwa mbele ya hakimu. Lilihusu Mmarekani anayetaka kujipumbaza kwa picha jioni. Mtu huyo kweli anaweza kutoka chombo hiki akaenda kile kwa kidole kimoja, na hapotezi kitu. Mfanyabiashara si mtazamaji. Yeye ana madeni ya miaka mitano ya uaminifu yaliyohifadhiwa mahali pamoja: sifa za wanunuzi, maulizo, anwani, ahadi. Uhuru wa mtazamaji kuhama haumpi muuzaji uhuru wa kuhama. Na sheria inayompima wa kwanza ili kumhukumu wa pili imekosea mizani.

Upo mfano wa karibu zaidi. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa sababu ya kodi na usumbufu wa wakusanyaji wake. Katika siku tatu Waziri Mkuu alikuwa Mnazi Mmoja akiwasikiliza hadharani. Hiyo ndiyo nguvu ya soko lililo katika ardhi: likifungwa, nchi husikia. Sasa na wafunge kurasa zao wote kwa juma zima. Huko California hakuna atakayejua, na picha zao zitachukuliwa nafasi na picha nyingine kabla ya adhuhuri.

Nguvu ya kuondoka imekuwa upande mmoja tu. Uber iliingia Dar es Salaam mwaka 2016. Mwaka 2022 LATRA iliweka mpaka kwamba kampuni za namna hiyo zisimkate dereva zaidi ya asilimia 15 ya nauli. Aprili mwaka huo Uber ilisimamisha kazi. Mpaka ukapandishwa hadi asilimia 25, na mapema mwaka 2023 Uber ikarudi. Wengine huita jambo hilo maelewano. Dereva mwenye mkopo wa gari hakuwa na mahali pa kusimamishia kazi yake.

Lawama haiwezi kuishia kwa wageni. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ilipotungwa, ilimtambua mwenye nguvu ya soko kwa vipimo viwili, kimoja kikiwa sehemu ya soko inayozidi asilimia 35. Kipimo hicho chafaa kwa saruji na bia, ambazo huuzwa kwa mifuko na kreti. Lakini asilimia 35 ya nini, pale ambapo mpangaji halipi kodi bali hulipa kwa kutazamwa? Serikali haikushindwa kuyaona makampuni haya: mwaka 2022 iliyatoza kodi ya asilimia 2 kwa huduma zao za kielektroniki. Iliyaona kwa jicho la mtoza kodi peke yake. Kodi huchukua fungu katika nguvu ya mwenye soko, haiipunguzi. Nijeria ilifika mbali zaidi, kwa kuwa Julai 2024 tume yake ya ushindani iliitoza Meta faini ya dola milioni 220.

Wala haisemwi hapa kitu kisichowahi kutendeka Tanzania. Huduma ya M-Pesa ilipoanza mwaka 2008, na nyingine zikafuata, fedha za mtandao mmoja hazikuwa radhi kuingia katika mfuko wa mtandao mwingine. Tigo, Airtel na Zantel zilipatana mwaka 2014. Vodacom, iliyokuwa kubwa kuliko zote, ikaingia mwaka 2016. Mkubwa alikuwa wa mwisho kufungua mlango, kama ilivyo desturi ya wakubwa, lakini alifungua, na hakufilisika. Na tangu Machi 2017 mwenye simu anaweza kuhama mtandao mmoja kwenda mwingine na namba yake akaichukua, kwa maana iliamuliwa kwamba namba ni ya mtu, si ya kampuni. Umoja wa Ulaya uliweka sheria ya mwaka 2022 inayoyalazimisha makampuni makubwa kumwachia mtu achukue kumbukumbu zake anapoondoka. Tume ya Ushindani na Mamlaka ya Mawasiliano hazina haja ya kungoja Ulaya iwafafanulie zaidi. Waanze na orodha ya wateja: mchuuzi wa Mtaa wa Kongo akitaka kuhama, na aondoke nayo, kwa idhini ya wateja wenyewe, na kampuni inayouza matangazo kwa Watanzania iwe na ofisi nchini, yenye mtu anayejibu barua kwa Kiswahili.