Hema la Fakhari

Mtoto wa ndugu yangu, aliyehamia Uingereza zaidi ya miaka ishirini sasa, ameniletea picha katika simu. Katika picha hiyo yuko mkewe na watoto wake mbele ya hema kubwa la turubali jeupe, na ndani ya hema chaonekana kitanda cha mbao chenye mito sita, zulia, taa za kuning'inia na meko ya chuma. Chini ya picha ameandika: "Ami, sasa hatulali tena chini kama zamani. Ubaya uko wapi?"

Ameuliza hivyo kwa kuwa anijua, yuajua sitanyamaza. Nami sikumjibu kwa simu. Nimeona nimjibu hapa mbele ya wasomaji, kwa sababu jambo hili si lake peke yake. Wengi wetu tuna watoto na ndugu huko Ulaya, na wanayoyafanya huko leo, kesho hutujia nyumbani kwa picha, na keshokutwa huwa ndio kipimo cha heshima katika mitaa yetu.

Kwanza yapasa msomaji ajue twazungumza juu ya kitu gani. Karavani ni nyumba ndogo ya magurudumu ifungwayo nyuma ya motokaa ikakokotwa. Asili ya neno hilo ni Kiajemi, na maana yake ni msafara, kama ile misafara ya ngamia. Huko Uingereza kuna viwanja vingi vya kuziegesha karavani hizo. Kiwanja ni shamba la majani lililogawanywa vipande vipande, pana bomba la maji, pana mahali pa kuchomeka waya wa umeme, na pana vyoo, bafu na mahali pa kuoshea vyombo pa watu wote. Mwenye karavani huja nayo, mwenye hema huja na hema lake, wakakaa siku tatu au juma zima, kisha wakaenda zao. Sasa wenye viwanja wameingiza jambo waliitalo glampingi, neno walilolitunga kwa kuunganisha anasa na kupiga hema. Huweka papo hapo, katikati ya wasafiri, vibanda vya mbao na mahema makubwa yaliyokwisha kupambwa, yenye vitanda, majiko na vyoo vyake vyenyewe, wakayakodisha kwa bei ya hoteli.

Mwaka 2019 nilikwenda kuwatembelea jamaa huko. Wakati huo familia kumi na mbili za watu wetu, wengine wa Mombasa, wengine wa Unguja, wengine wa Barawa, walikuwa na ada ya kukutana kila mwezi wa Agosti katika kiwanja kimoja cha pwani ya kusini. Wawili tu kati yao walikuwa na karavani, tena kuukuu. Waliobaki walikuja na mahema ya dukani. Daktari alipiga hema lake kando ya hema la dereva wa basi, na mvua iliponyesha iliwanyeshea wote wawili. Alfajiri katika miezi ile huingia mapema mno, na mtu mmoja alikuwa akipita kwenye mahema akiwaamsha wenziwe kwa sauti ya chini, wasiudhike majirani. Chakula kilipikwa katika sufuria mbili kubwa juu ya majiko ya gesi, kikaliwa kwa masinia. Watoto waliozaliwa huko, ambao Kiswahili chao ni cha kuokoteza, katika siku tano zile walikuwa wakibishana na kutaniana kwa Kiswahili. Nilirudi nyumbani nikawaambia watu kwamba nimeona mtaa wetu wa zamani umefufuka katika majani ya Waingereza.

Nilirudi tena mwaka 2023. Katika miaka ya 2020 na 2021, maradhi ya korona yalipowazuia watu kusafiri nchi za nje, Waingereza wengi walipumzikia kwao, na wenye viwanja wakaonja faida. Safu ya mbele inayotazama bahari, ile tuliyokuwa tukipiga mahema, niliikuta imejaa vibanda vinane na mahema matatu makubwa, na baadhi yake yana pipa la maji moto nje ya mlango, watu wazima wameketi ndani yake hadharani. Wenye mahema yao walikuwa wamesukumwa nyuma, kando ya ua na mapipa ya taka. Kibanda kwa usiku mmoja kilikuwa kwa bei ya nyusiku nne za kipande cha majani, na vipande vyenyewe vilikuwa vimepunguka.

Nami nakiri mbele yenu: mimi nililala kibandani. Magoti yangu si yale ya ujanani, na mtoto wa ndugu yangu alinilipia kwa heshima. Godoro lilikuwa zuri, nikamwombea dua, nikalala. Asubuhi nilipotoka ndipo nilipoona. Familia tatu zenye uwezo zilikuwa vibandani, kila moja yanywa chai yake ndani, mlango umefungwa. Kule nyuma zilikuwapo familia nne na sufuria moja. Familia tano hazikuja kabisa. Nilipouliza nikaambiwa wana kazi. Mmoja wa hao wasiokuja ni mwanafunzi wangu wa zamani, nikampigia simu. Akasitasita, kisha akaniambia: "Maalim, watoto wangu wataniuliza kwa nini wenzetu wako mbele na sisi tuko nyuma. Sina la kuwajibu. Afadhali tubaki nyumbani."

Mwanangu, ubaya uko hapo.

Najua watakaonijibu, nami nitazitaja hoja zao kwa uadilifu.

Wa kwanza atasema kuwa starehe si haramu. Ni kweli, wala sijasema ni haramu. Mola wetu katika Sura ya An-Nahl, aya ya 80, ametukumbusha neema ya nyumba za ngozi za wanyama, ambazo wepesi wake humfaa mtu siku ya kusafiri na siku ya kutua. Basi tazama kilichotajwa kuwa neema: ni wepesi. Hema la watu wa glampingi halihami, lina sakafu ya mbao na kitanda kisichopita mlangoni. Mtu hulipia jina la safari huku amekaa katika kila alichokuwa nacho nyumbani, na zaidi. Kama ni starehe, na aseme ni starehe, asijifanye msafiri.

Wa pili atasema kuwa ardhi ni ya mwenyewe, na biashara ni biashara. Msimu wa kiangazi huko ni mfupi. Majani hugeuka tope wakati wa baridi, karavani zikaacha kuja, hali kibanda chenye moto hukodishwa hata mwezi wa Februari. Tena asiye na karavani wala motokaa ya kuikokota naye hupata pa kufikia. Hoja hii ina nguvu, nami niliyelala kibandani siwezi kuikana. Mzee, mgonjwa na mama mwenye mtoto mchanga wana haki ya kulala pakavu. Lakini naliuliza swali moja tu: kwa nini vibanda hivyo visiwekwe vichache, tena kando, pahali pa wote pakaachwa pa wote? Kilichofanywa ni kupokonya sehemu bora ya kiwanja, iliyokuwa ya yeyote aliyewahi kufika, na kumpa aliyelipa mara nne. Biashara halali haiondolei mtu lawama ya uchoyo.

Wa tatu ni mwenye elimu. Atasema: "Sheikh, karavani ya matembezi yenyewe ilianza kwa tajiri." Kweli. Mwaka 1885 William Gordon Stables, aliyekuwa daktari wa jeshi la majini la Uingereza, aliundiwa Bristol gari la kukokotwa na farasi wawili, akaliita Wanderer, akazunguka nalo nchi akiwa na mwendesha farasi wake na mtumishi wake. Lakini msomi huyo asiishie hapo. Mwaka 1901 alikuja fundi cherehani wa London, Thomas Hiram Holding, akawakusanya waendesha baiskeli, wakaunda chama cha kupiga mahema. Yeye alikuwa akiyafanya mahema mepesi mno, yabebeke juu ya baiskeli. Kwa njia hiyo karani, fundi na mwalimu wa shule wakaweza kulala mashambani kwa fedha chache. Chama cha wenye karavani nacho kikaundwa mwaka 1907. Basi mlango ulifunguliwa na tajiri kwa ajili ya nafsi yake, na fundi cherehani akaupanua wapite wengi. Glampingi yaurudisha ule wa tajiri, na kuubana ule wa fundi.

Kuna hila nyingine inayonifanya nicheke, maana sisi tuliosoma fiqhi twazijua hila. Kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1960, kiwanja cha karavani chahitaji leseni. Na sheria hiyo yasema karavani ni chochote kilichoundwa kwa kukaliwa na watu kinachoweza kuhamishwa kutoka mahali hadi mahali. Kwa hiyo kibanda chaweza kutiwa chini kwa winchi, kikakaa papo hapo miaka ishirini, na katika daftari kikahesabiwa karavani, kwa kuwa chaweza kuhama japo hakihami. Jina limebaki la msafiri, na maana yake imekwenda.

Na majina wameyachukua mengi. Lile hema la duara la manyoya ya kondoo ni nyumba ya Wakazakhi na Wakirgizi, wachungaji wahamao na mifugo yao, na wengi wao ni Waislamu wenzetu. Kile kibanda cha magurudumu ya chuma kilikuwa cha mchungaji wa Kiingereza, akilala humo peke yake wakati kondoo wazaapo. Na hema la turubali huliita kwa neno letu sisi, "hema la safari". Kila jina ni la mtu aliyetaabika. Taabu wameiacha kwa mwenyewe, wakachukua sura yake wakaitilia mito.

Tena tazama wanavyomtendea msafiri wa kweli. Kuna watu Uingereza, Waroma na wengineo, ambao maisha yao ya asili ni kuhama katika magari. Sheria iliyopitishwa mwaka 2022 kwa England na Wales imefanya kuwa jinai mtu akaaye garini katika ardhi ya mwingine bila ya idhini, ikasemwa ataleta madhara au kero kubwa, akaambiwa aondoke asiondoke. Na polisi waweza kuikamata nyumba yake hiyo ya magurudumu. Mwezi wa Mei 2024 Mahakama Kuu ilitamka kuwa sehemu ya sheria hiyo haipatani na haki za binadamu. Basi yule ambaye kuhama ndiyo maisha yake hufukuzwa, na yule ambaye kuhama ni mchezo wake hutandikiwa zulia.

Huenda msomaji wa Lamu au Tanga au Pemba akasema: haya ya Waingereza yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Tazama harusi zetu. Zamani lilitandazwa turubali moja, likatandikwa majamvi, na aliyetangulia aliketi mbele. Siku hizi pana hema la wageni maalumu, lenye makochi na feni na maji ya chupa, na pana hema la watu wengine, lenye viti vya plastiki. Shangazi aliyemlea bwana harusi hukalishwa kwenye plastiki, na mfanyabiashara asiyemjua hata jina hukalishwa kwenye kochi. Hatukujifunza hayo kwa Waingereza peke yao. Maradhi ni mamoja, ya kugeuza pahali pa kukutania kuwa pahali pa kupimana. Na mwisho wake ni mmoja: maskini hagombani na mtu, hatoi lawama, huacha tu kuja. Nasi husema ana kazi.

Basi nasaha yangu kwa watoto wetu walioko huko ni hii. Mkikutana mwezi wa Agosti, changeni kwanza kwa jamaa wote, mwenye nyingi atoe nyingi na mwenye kidogo atoe kidogo, kisha mkodi kibanda kimoja au viwili. Humo walale wazee, wagonjwa na wazazi wenye watoto wachanga, bila ya kujali nani alitoa nini. Wenye nguvu, daktari na dereva, walale majanini. Na chakula kipikwe pahali pamoja. Msikope kwa kadi za riba ili mpigwe picha mbele ya hema. Deni hulipwa mwaka mzima, na picha hutazamwa siku moja.

Na kwa habari ya viwanja vyenyewe, msikae mkinung'unika. Halmashauri za huko hutangaza maombi ya ujenzi, na kila mtu ana haki ya kuandika maoni yake, aghlabu katika muda wa siku 21. Andikeni kwa adabu na kwa hoja, mtake sehemu ya mbele ibaki ya wasafiri wote. Wako Waingereza wengi wa kawaida, wenye mahema yao ya zamani, ambao uchungu wao ni kama wenu na watawaunga mkono.

Ama wewe, mwanangu uliyeniuliza, sikukemei. Kile kitanda cha mito sita hakina kosa lolote. Ila Agosti ijayo, kabla ya kulipia kibanda cha ami yako, mpigie simu yule mwanafunzi wangu, umwambie umemwekea nafasi kando yako. Nami nikijaaliwa uhai na kuja, nitie kibandani usiku kwa ajili ya magoti yangu, na asubuhi unitoe nje nikale na watu.

Wabillahi tawfiq.