Wanafunzi wa fildi si mzigo

Makala iliyodai kuwa wanafunzi wa fildi ni mzigo kwa ofisi za serikali Dodoma, na kwamba sera ya mazingira waachiwe wabobezi, imekosea tangu kwenye msingi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 haiishii Mtumba, kwenye mji wa Serikali. Inataka halmashauri ziwe na maofisa mazingira, na inashuka hadi kamati za vijiji. Maofisa hao watatoka wapi, kama si kwa vijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na Chuo cha Mipango?

Mwandishi wa makala hiyo anasema wanafunzi hawajui kazi. Ni kweli, na ndiyo maana wanakuja. Ukimtuma mwanafunzi kutoa fotokopi mpaka muda wake uishe, ataondoka kama alivyokuja. Mkalishe kwenye kikao cha kamati ya kijiji, aandike muhtasari, amsikie mfugaji akiuliza ng'ombe watanywa wapi bwawa likizungushiwa uzio. Hapo ataelewa kifungu cha sheria kinamgusa nani.

Kondoa ilishatufundisha hilo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye ardhi iliyoliwa na makorongo. Uoto ulirudi, lakini kaya zilizotegemea mifugo zilibeba gharama. Kupima pande hizo mbili hakufundishiki darasani peke yake.

Kila ofisi impe mwanafunzi msimamizi, kazi moja ya kukamilisha, na nauli ya kufika kijijini. Anayekataa kuwafundisha leo asilalamike kesho halmashauri zikikosa watu.