Miaka 14 ya Kumsikiliza Malenga
Julai 1997, sanamu ya Ambedkar, kiongozi wa Wadalit, watu wa tabaka la chini kabisa India, ilikutwa imevishwa shada la champali katika mtaa wa Ramabai, Mumbai. Wadalit wakaandamana, polisi wakafyatua risasi, watu 10 wakafa. Siku chache baadaye malenga wao Vilas Ghogre akajinyonga kwa uchungu, kitambaa cha buluu kichwani. Mtengenezaji filamu Anand Patwardhan, aliyekwisha kumrekodi akiimba, alichukua miaka 14 kukamilisha filamu ya Jai Bhim Comrade, iliyotoka 2011. Naipenda mno kwa kuwa haiwaonei huruma Wadalit: inawaacha waimbe hasira yao mpaka mwisho, ngoma mkononi, uchochoroni, majirani wakisikiliza. Mtayarishaji anayepewa wiki moja tu mtaani hawezi kuyapata hayo, hata awe hodari vipi.