Fimbo Haikuotesha Majani ya Shinyanga

"Watu wetu bila fimbo hawaendi." Kauli hiyo husikika vijiweni, kwenye daladala na hata midomoni mwa wasomi. Wanaoiamini husema binadamu ni mchoyo kwa asili; kwa hiyo apatikane kiongozi mmoja mwadilifu, aachiwe madaraka yote bila kusumbuliwa na mabaraza, na nchi itanyooka. Ni imani potofu. Inaumiza zaidi kwa kuwa wengi wanaoisema ni watu wema wenye uchungu na nchi yao.

Kama binadamu ni mchoyo, aliyeshika fimbo naye ni binadamu.

Lakini tuseme mwadilifu amepatikana. Tanzania ilimpata. Julius Nyerere hakujilimbikizia mali, na mwaka 1985 aling'atuka kwa hiari yake. Hata hivyo, serikali yake ilifuta serikali za mitaa mwaka 1972 na vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976. Katikati ya hapo, Novemba 1973, kuhamia vijijini kukawa amri. Mamilioni walihamishwa, na kuna mahali nyumba zilichomwa moto ili wenyewe wasirudi. Nia ilikuwa njema. Kilichokosekana ni baraza lenye nguvu ya kumwambia ofisa kwamba pale anapopima viwanja hakuna maji.

Shinyanga inaonyesha jambo hili vizuri kuliko hotuba yoyote. Wasukuma wa huko walikuwa na ngitili: kipande cha malisho kinachofungwa mvua zinapoanza, majani yakaachwa yakue hadi yakaukie pale pale yakiwa yamesimama. Kiangazi kinapokaza hufunguliwa kidogo kidogo, wakaingizwa ndama, maksai wa kulimia na ng'ombe waliodhoofu. Tayari wakoloni walikuwa wamefyeka misitu kupambana na mbung'o, na mashamba ya pamba yakazidi kuila. Kisha amri ya vijiji ikawatenga watu na ngitili zao. Eneo lisilo na mwenyewe wa karibu halikukawia kubaki vumbi tupu.

Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI. Wakati huo ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi 300,000. Serikali ilileta wataalamu, na Norway ikatoa fedha, hilo lisifichwe. Lakini mipaka, siku ya kufungua na kiasi cha faini viliamuliwa na wanakijiji wenyewe kwenye dagashida, mkutano wao wa jadi, na walinzi wakawa sungusungu. Je, watu wa Shinyanga waligeuka malaika? Hata kidogo. Faini ziliwekwa kwa sababu wakorofi walikuwepo. Ila aliyetoza faini aliishi miongoni mwa aliowatoza, na ng'ombe wake mwenyewe walihesabiwa.

Wapo waliodhani hilo haliwezekani: mwaka 1968 Mmarekani Garrett Hardin aliandika kwamba malisho ya wote hayana budi kuharibika, maana kila mfugaji ataongeza ng'ombe mmoja zaidi. Lakini mtafiti Elinor Ostrom alitumia miongo kadhaa kuchunguza misitu, mifereji na maeneo ya uvuvi katika nchi mbalimbali, akaonyesha kwamba watu wanaojiwekea sheria na kuzisimamia wanaweza kutunza mali ya pamoja kwa vizazi. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009.

Atakayesema malisho ni kitu kimoja na nchi ni kitu kingine, amsikilize Nyerere mwenyewe. Katika mahojiano ya mwaka 1984 alikiri kwamba, kama angeanza upya, asingefuta serikali za mitaa wala vyama vya ushirika. Sheria za kuvirudisha zilikuwa zimetungwa mwaka 1982, miaka kumi baada ya kosa la kwanza. Miongoni mwa vilivyokuwa vimevunjwa ni vyama vya wakulima wa pamba wa Usukuma, ambavyo walivijenga kwa mikono yao tangu miaka ya 1950, bila fimbo ya mtu.